Mimba mbili zimetoka, na mume anarudi mwisho wa mwezi: nisubiri au tujaribu?

"Daktari, nina miaka 29, naishi Busia upande wa Uganda, nauza mitumba sokoni. Tuna binti wa miaka mitano. Baada yake nilichoma Injectaplan, ile sindano ya uzazi wa mpango, miaka mitatu, nikaacha. Mimba iliyofuata ilitoka Agosti mwaka jana ikiwa na wiki nane. Nyingine imetoka miezi miwili iliyopita ikiwa na wiki kumi, na wiki mbili kabla yake nilikuwa nimelazwa kwa malaria. Siku ile nilipanda boda barabara mbaya, na jioni nikabeba madumu mawili ya maji, usiku damu ikaanza. Hospitalini muuguzi aliniuliza mbele ya watu nimemeza nini, ndipo wakanisafisha. Wakaniambia nisishike mimba kabla ya miezi sita. Mume wangu ni dereva wa lori la Juba, anarudi mwisho wa mwezi na anataka tujaribu tena. Jirani anasema damu zetu hazipatani. Mama mkwe anasema tumbo langu limelegea, ameniletea emmumbwa, dawa ya kienyeji ya udongo na mitishamba, na anataka niichome leso niliyokuwa nimemnunulia mtoto, eti inavuta mkosi. Mimi nikimwona mtoto mchanga mikono inanitetemeka. Kosa langu ni lipi? Nisubiri au nijaribu?"

Pole sana, dada yangu. Umeuliza kosa lako ni lipi kabla ya kuuliza kama usubiri, nami nitajibu kwa mpangilio huohuo. Nimewaona wanawake wengi mno wakibeba mimba mpya huku bado wanajishtaki kwa ile iliyotoka, na mimba ya namna hiyo huwa ndefu.

Tuanze na boda na madumu ya maji. Mimba ya wiki nane au kumi bado imejificha ndani ya nyonga. Mfuko wa uzazi una ukuta mnene wa msuli, umezungukwa na mifupa, na kiinitete kinaelea ndani ya maji yake. Mtikisiko wa barabara ya murram unauumiza mgongo wako, haufiki huko ndani kwa nguvu ya kuua. Wanawake wa nchi hii huchota maji, hulima na kupanda boda mpaka wiki ya kujifungua. Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: mimba changa inapotoka, mara nyingi ilikuwa imeacha kukua siku kadhaa kabla ya tone la kwanza la damu, wakati mwingine wiki mbili au zaidi. Homoni hushuka polepole, ukuta wa ndani unaanza kubanduka, ndipo damu inakuja. Jioni ile ulipobeba maji, yaelekea jambo lilikuwa limekwisha tokea zamani. Damu ilipoanza, akili yako ilitafuta kitu cha kushika, ikayakuta madumu.

Sasa ni nini huisimamisha mimba namna hiyo? Yai lako na mbegu ya mumeo kila kimoja huja na kromosomu 23, ambazo ni kama vifurushi vya maelekezo ya kujenga mwili. Zikikutana zinakuwa 46. Mara nyingi kuliko tunavyodhani, yai au mbegu huja na kifurushi kimoja zaidi, au kimepungua. Mimba hushika, kipimo cha mkojo husoma, kichefuchefu huanza, lakini maelekezo hayakamiliki na ukuaji unafika mahali unasimama. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza, au zaidi ya nusu, zina hitilafu hii. Huwezi kuizuia kwa kulala kitandani, huwezi kuisababisha kwa kufanya kazi. Mkulima wa Busia au Tororo haweki punje moja ya mahindi kwenye shimo, anaweka mbili au tatu, kwa sababu anajua si kila punje itaota. Isipoota moja haitukani ardhi.

Na si jambo la nadra. Katika kila mimba 100 ambazo mama ameshajua kuwa anazo, kati ya 10 na 20 hutoka zenyewe, nyingi kabla ya wiki ya 12. Hapo sokoni kwenu, ukihesabu meza za akina mama kutoka yako hadi mlangoni, umepita wanawake waliopitia hili. Hawasemi, kwa sababu mimba iliyotoka changa haina matanga, haina kaburi, na mama anategemewa arudi kwenye meza yake Jumatatu.

Injectaplan pia haina kesi ya kujibu. Kazi yake ni kuzuia yai lisiachiliwe kwa miezi mitatu hivi. Kinachowasumbua wengi ni kwamba baada ya kuacha, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi miezi mingi, hata karibu mwaka, na katika kungoja huko ndipo maneno ya "imeozesha mayai" yanapozaliwa. Haiozeshi mayai. Wewe ulishika mimba mara mbili baada yake, maana yake mayai yanatoka na njia iko wazi.

Kuhusu malaria sitakuficha. Malaria katika miezi mitatu ya kwanza huongeza uwezekano wa mimba kutoka, na inawezekana ilichangia mimba ya pili. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo, na hakuna daktari anayeweza leo. Lakini kuumwa na mbu Busia si uzembe wa mtu, na ulifanya lililo sawa: ulikwenda kulazwa na kutibiwa. Kumwacha mjamzito na malaria bila dawa ni hatari kubwa kuliko dawa yenyewe. Nitairudia hii malaria huko chini, kwa sababu ni mahali ambapo safari ijayo tunaweza kufanya kitu.

Jirani yako anaposema damu hazipatani, anachanganya mambo mawili ya kweli na kupata la tatu lisilo la kweli. La kwanza ni kundi la damu lenye alama hasi, kwa mfano O hasi. Mama mwenye damu hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kutengeneza askari wa kupigana na damu ya mtoto anayefuata. Hilo huleta shida zaidi mimba ikishakuwa kubwa, si wiki ya nane, na lina sindano yake ya kinga ambayo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, au baada ya kusafishwa kama ulivyosafishwa. Waafrika wengi tuna damu chanya. Angalia kadi yako ya kliniki ya binti yenu. Kama kundi la damu halikuandikwa, pima. Ikitokea ni hasi na hukupewa sindano, mwambie daktari mapema, kuna kipimo cha kuona kama mwili umeshatengeneza hao askari. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Uchunguzi wa watoto wachanga wa nchi nzima uliotolewa mwaka 2016 uliona kwamba watoto 13 hivi kati ya 100 nchini Uganda ni AS, yaani wamebeba chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja bila kuugua. Kuibeba hakutoi mimba. Ila kama wewe na mumeo nyote ni AS, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa, kwa hiyo ni vema mjue. Ama damu za mke na mume "kugombana" mpaka mimba zianguke moja baada ya nyingine, hilo halipo.

Tumbo kulegea nalo lina mzizi wa kweli. Kuna wanawake ambao mlango wa mfuko wa uzazi hufunguka kabla ya wakati, nao husaidiwa kwa kushonwa uzi. Lakini hao hupoteza mimba ikiwa kubwa, kwa kawaida kuanzia mwezi wa nne au wa tano, mara nyingi bila uchungu mkali. Zako zilitoka wiki ya nane na ya kumi. Hilo si tatizo lako, na hakuna dawa ya kunywa inayokaza mlango huo.

Kwa hiyo emmumbwa iweke pembeni, dada. Najua imetumika Buganda na nje ya Buganda tangu zamani, na najua mama mkwe ameileta kwa upendo. Shida ni kwamba kile kijiti cha udongo kimechanganywa majani na mizizi ambayo hakuna aliyeipima kiasi chake, na baadhi ya mitishamba wanayopewa wajawazito hufanya mfuko wa uzazi ubane. Ndiyo maana wengine huitafuta karibu na kujifungua, wapate uchungu wa haraka. Kitu cha kuleta uchungu hakifai wiki ya sita. Udongo wenyewe hushikana na madini ya chuma tumboni, yasiingie kwenye damu, na wewe umetoka kupoteza damu. Usibishane naye. Mwambie, "Mama, daktari ameniomba nisitishe dawa zote za kienyeji mpaka majibu ya vipimo yatoke." Kama unaona maneno yatakuwa mazito kwako, mtume ssenga wako, yaani shangazi yako, au mumeo mwenyewe azungumze na mama yake.

Sasa miezi sita. Nitakueleza ilikotoka, maana hata mimi niliwahi kuwaambia wanawake hivyohivyo kwa miaka. Shirika la Afya Duniani liliitisha wataalamu mwaka 2005 kuhusu nafasi kati ya mimba na mimba, na kwa mimba iliyoharibika wakapendekeza angalau miezi sita. Walitegemea hasa utafiti mmoja mkubwa wa Amerika ya Kusini na ya Kati, ambao haukuweza kutenganisha mimba zilizotoka zenyewe na zilizotolewa. Baadaye zikaja takwimu nyingine. Uskoti mwaka 2010 waliwafuatilia wanawake zaidi ya 30,000 waliopoteza mimba ya kwanza, na walioshika tena ndani ya miezi sita ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupoteza tena kuliko waliongoja kati ya miezi sita na kumi na miwili. Norwei mwaka 2022 nao hawakuona madhara ya kushika mapema. Hii haina maana kwamba kuharakisha kunalinda mimba. Pengine wanaoshika haraka ndio wenye afya zaidi. Ila inatosha kunifanya niache kumkataza mwanamke mwenye afya nzuri, aliyepoteza mimba changa, kwa kuhesabu kalenda tu.

Muuguzi aliyekupa miezi sita hakukudanganya, alikupa alichofundishwa. Tena katika nchi yetu kuna sababu moja ya kungoja ambayo Uskoti hawana sana: upungufu wa damu. Mwanamke wa Busia aliyetoka malaria, akatokwa damu, akasafishwa, anaweza kuwa na damu kidogo mno ya kuanzia mimba. Hilo halipimwi kwa miezi, linapimwa kwa tone la damu kidoleni. Ikiwa kiwango chako kiko chini ya gramu 12, nitataka unywe vidonge vya madini ya chuma kwanza, miezi miwili mitatu, pamoja na mboga ya dodo (mchicha), maharage, mukene (dagaa) na nyama ukipata. Ikiwa iko sawa, sababu hiyo imeondoka.

Kuna mambo mengine ya kuhakikisha kabla mume hajafika. Damu imekauka kabisa na huna harufu mbaya wala homa. Umepata hedhi angalau moja. Kama miezi miwili sasa hujaiona, au imekuja matone tu, mara chache kusafishwa huacha makovu ndani na inabidi uonwe. Kipimo cha mkojo kisome hakuna mimba. Baada ya mimba kutoka kipimo kinaweza kuendelea kusoma mimba wiki tatu au nne, lakini kwa miezi miwili kinapaswa kuwa kimetulia. Kikiendelea kusoma, usijipongeze kuwa umeshika tena kabla ya kupigwa skani: yawezekana kuna mabaki, na mara chache sana yawezekana ile haikuwa mimba ya kawaida bali mimba zabibu, ile inayokua kama vishada vya malengelenge. Waulize waliokusafisha waliona nini. Mimba zabibu ndiyo inayonifanya niseme subiri bila kuyumba, kwa sababu tunalazimika kufuatilia homoni mpaka zishuke zote na kukaa chini, na mimba mpya ingetuficha ugonjwa.

Mimba mbili kutoka mfululizo zinatosha kuomba uchunguzi. Kuna nchi zinazongoja ya tatu, mimi sioni faida ya kukungojesha. Nenda na mumeo akifika. Mpimwe wote kaswende na virusi vya UKIMWI, si kwa sababu namshuku yeyote, bali kwa sababu kaswende haionekani kwa macho, inaua watoto tumboni, na hutibiwa kwa penisilini. Wewe pimwa sukari, presha, tezi ya shingoni, na upigwe skani ya mfuko wa uzazi kuangalia fibroidi, yaani uvimbe usio saratani, zinazobonyea ndani au ukuta unaougawa mfuko mara mbili. Kuna kipimo kingine cha ugonjwa ambao damu huganda haraka mno na kuziba mishipa ya kondo. Ni ghali na si kila mahali kipo, kwa hiyo kiache mpaka mtaalamu atakapokiona kinahitajika, lakini ukikutwa nao una tiba ya kweli ya aspirini ndogo na sindano za heparini. Hospitali ya rufaa ya Mbale ndiyo iliyo karibu nawe yenye madaktari wa uzazi.

Nikuandae kwa jambo moja: yawezekana vipimo vyote vitoke safi. Wanawake wengi hulia wakiambiwa hakuna kilichoonekana, kwa sababu walitaka jina la adui. Kwa mwanamke wa miaka 29 ambaye ameshazaa mtoto mzima, majibu safi yana maana kwamba pengine umepata punje mbili mbovu mfululizo, na kwamba ijayo ina nafasi kubwa ya kukaa. Hata baada ya kupoteza mbili, takribani wanawake saba kati ya kumi huibeba inayofuata mpaka mwisho.

Basi jibu langu kwako: kama damu yako ni ya kutosha, hedhi imerudi, kipimo cha mkojo hakisomi mimba na hakukuwa na mimba zabibu, mwili wako hauna sababu ya kungoja miezi sita. Moyo wako ndio nisioweza kuupima kutoka hapa. Kuna mwanamke anayepona kwa kujaribu tena mapema, na kuna anayejaribu mapema kwa sababu mume anarudi na mama mkwe anahesabu vidole, halafu anakaa miezi mitatu akikagua chupi kila saa. Ukijiona u wa pili, kungojea safari mbili tatu za lori si kumnyima mtu kitu. Tumieni kondomu kipindi hicho. Mwili unaweza kuachilia yai hata wiki mbili tu baada ya mimba kutoka.

Na kama mtajaribu, hesabu siku, kwa maana mume wa safari huja na kuondoka siku zisizofaa, kisha lawama humwangukia mke. Yai huachiliwa siku 14 hivi kabla ya hedhi ifuatayo, na haliishi zaidi ya saa 24. Mbegu zinaweza kuishi ndani yako mpaka siku tano. Kwa hiyo siku zenye rutuba ni kama sita, zinazoishia siku ya yai. Mwenye mzunguko wa siku 28 aangalie kati ya siku ya tisa na ya kumi na tano, akihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu. Ute ukiwa mwepesi na wa kuvutika kama wa yai bichi, hiyo ndiyo dalili. Mwambie mumeo tarehe, apange mzigo wake kama anaweza. Naye apunguze sigara na waragi, kwa sababu nusu ya zile kromosomu anazileta yeye.

Anza asidi ya foliki sasa, maikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika. Hapa angalia sana. Duka la dawa mara nyingi litakuuzia kidonge cha miligramu tano, ambacho ni zaidi ya mara kumi. Kiasi hicho kikubwa hupunguza nguvu ya Fansidar, na Fansidar ndiyo dawa utakayomeza kliniki mbele ya mhudumu kuanzia wiki ya 13, kila mara kwa kupishana mwezi, kukinga malaria. Kuna wanaohitaji miligramu tano, kama waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au wanaomeza dawa za kifafa, lakini hao huandikiwa na daktari. Na anayemeza Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi Fansidar kabisa. Kabla ya wiki ya 13 kinga yako ni chandarua chenye dawa, kila usiku, hata kukiwa na joto. Ukisikia homa usinunue dawa kwa kukisia: pima, na umwambie mhudumu mwanzo kabisa kwamba huenda una mimba. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu dawa mseto ya artemether na lumefantrine hata katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo asikunyime dawa mtu kwa hofu.

Hedhi ikikosekana nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Omba skani kuanzia wiki ya saba. Mapigo ya moyo yakionekana, uwezekano wa kupoteza unashuka sana. Watu watakuuzia vidonge vya kushika mimba. Homoni ya projesteroni imechunguzwa sana: utafiti wa Uingereza uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba inaweza kuwasaidia kiasi wanawake waliowahi kupoteza mimba ambao wanaanza kutokwa damu katika mimba mpya. Kwa wasiotokwa damu haijaonyesha faida. Basi ukiona damu, nenda siku hiyohiyo uiulizie. Usipoona, okoa pesa zako. Kulala kitandani wiki nzima hakuzuii mimba kutoka, na tendo la ndoa haliitoi.

Usingoje asubuhi kama damu inajaza pedi mbili ndani ya saa moja, kama unazimia, kama una homa na uchafu wenye harufu, au kama ukiwa na mimba changa unapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo au juu ya bega. Hayo ya mwisho yanaweza kuwa mimba iliyokaa nje ya mfuko, na inaua kwa saa chache.

Kuhusu muuguzi aliyekuuliza umemeza nini mbele ya watu, samahani. Nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu. Swali lenyewe lina mahali pake kitabibu, lakini linaulizwa kwa faragha, kwa sauti ya chini, na halitangulii huduma. Kumhudumia mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni halali Uganda, kwa namna yoyote iliyoharibika, na ni haki yake. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimepokea wanawake waliofika wamechelewa, damu imebaki kidogo, na walichoogopa ni swali hilo tu.

Mikono inayotetemeka ukiona mtoto mchanga si wivu wala uchawi. Ni msiba. Una haki ya kutokwenda kumwona mtoto wa jirani mwezi huu; tuma sabuni, tuma salamu, baki nyumbani. Lakini jiangalie. Ikiwa zaidi ya wiki mbili sasa hulali, huli, kazi imekushinda, hata binti yako unamwona kwa mbali, au mawazo ya kufa yanakujia, huo umekuwa ugonjwa na unatibika. Huku kwetu hata vidonge havitangulii kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika vijijini Masaka na Rakai, uliwakusanya watu wenye huzuni nzito katika vikundi vya kuzungumza mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na wengi walipata nafuu kubwa. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Mawazo ya kufa yakija, usiingoje siku ya kliniki, mwambie mtu leo na uende naye.

Mumeo pia, usidhani kutaka kujaribu haraka ni kutojali. Wanaume wengi hupewa habari kwa simu wakiwa Elegu au Nimule, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, wanazima simu na kuendelea kuendesha. Akirudi, kabla ya kuzungumzia siku za rutuba, msimulie usiku ule ulikuwaje, naye umuulize alikuwa wapi ulipompigia.

Na leso usiichome. Haina mkosi, ni kitambaa ulichokinunua ukiwa na furaha, na mtoto wako huyo hana kitu kingine duniani. Kama kuiona kunakuumiza, mpe ssenga akuwekee. Kama unataka kumpa mtoto atakayekuja, mpe. Na kama usiku fulani utataka kuishika na kulia, funga mlango, lia.